Shajara ya krimu ya usiku: shea, alizeti na ngozi isiyotaka utani

Mei, masika yanaishia

Mradi ni huu: kupata krimu moja ya kulalia, ya vitu vya asili, ambayo uso wangu na wa mdogo wangu utaivumilia mpaka asubuhi. Mimi niko Tabata, Dar es Salaam. Yeye anafundisha Njombe. Ngozi zetu zimetoka tumbo moja: sabuni ngeni inawasha, losheni ya manukato inachoma, na krimu nyingi za dukani zinaanza vizuri Jumatatu na kuleta vipele kabla ya Ijumaa. Kinachotutenganisha ni hali ya hewa. Mimi nalala na feni, na umeme ukikatika nalala na jasho. Yeye kuanzia Juni analala na blanketi mbili, na akiamka uso umemkaza hata kucheka anacheka nusu.

Tumeanza na orodha ya visivyoingia, kabla ya vinavyoingia. Hakuna manukato ya aina yoyote, yawe ya kiwandani au ya mmea. Hakuna limau, mdalasini, karafuu, magadi wala asali mbichi. Rafiki yangu aliisoma akaniuliza, "Sasa hapo si umebakiwa na mafuta matupu?" Hajakosea sana.

Ukali huu una sababu. Maelekezo ya vipodozi yanapenda kusema "ukiona wekundu, acha kutumia". Yaliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya maji ya kunde wekundu unaonekana kwa taabu, na kwenye nyeusi tii unaweza usiuone kabisa. Sisi inabidi tutafute dalili nyingine: joto ukigusa kwa nyuma ya kiganja, mwasho, ngozi kuparuza, rangi kukolea kuelekea zambarau au kijivu. Na ikishababuka, hata kidogo, inaacha doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Uvimbe wenyewe umeshaondoka, doa limebaki linasimulia. Kwa hiyo kosa la usiku mmoja wa Mei unaweza kulilipia hadi Krismasi, na ndiyo maana kila kitu hapa kitakwenda taratibu kuliko watu wanavyopenda.

Bado Mei: sabuni kwanza

Kabla ya krimu kuna sabuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo: kwenye pH, kipimo ambacho namba ndogo ndiyo uchachu zaidi, iko karibu na 5. Sabuni ya kipande, iwe ya kuogea au ya mche, iko 9 hadi 10. Ukinawa nayo usiku unaondoa mafuta ambayo ngozi imejitengenezea mchana kutwa, halafu unaiomba krimu ifidie hasara. Limau, linalosifiwa kila kona, liko upande wa pili kabisa, karibu na 2, na maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kubabua vibaya.

Mdogo wangu alikuwa ananawa uso kwa sabuni ya mche kwa sababu "inatakatisha, dada". Inatakatisha kweli, kazi yake ni mashuka. Tumekubaliana asubuhi maji matupu, usiku kisafishio laini kisicho na harufu, maji ya uvuguvugu, na taulo la kugusisha badala ya kusugulia. Mkazo umeanza kupungua na krimu haijazaliwa. Naliandika hili wazi ili baadaye nisiipe krimu sifa za kuacha sabuni.

Juni, mwanzoni: manunuzi

Mafuta ya shea nimeyapata Kariakoo kwa mama anayeyaleta kutoka Lira, kaskazini mwa Uganda. Shea ya huko ni laini kuliko ile ya Ghana au Burkina Faso. Ukiiweka kiganjani inaanza kulegea kabla hujaisugua, na kwa joto la Dar inakaa nusu uji. Ina harufu ya moshi kwa mbali kwa kuwa kokwa hukaushwa na kukaangwa kabla ya kusagwa. Harufu ya moshi sina ugomvi nayo. Niliyokuwa naichunguza ni harufu ya rangi ya ukutani, ambayo ndiyo dalili ya mafuta yaliyochacha. Mafuta yaliyochacha yanaunguza ngozi nyepesi hata kama yalikamuliwa na malaika.

"Hii ni asili tupu dada yangu, inatibu kila kitu," akaniambia.

"Mama, mimi sitaki itibu. Nataka isinidhuru tu."

Akacheka, akaniongezea kijiko.

Alizeti ndiyo iliyozua mjadala nyumbani. Watu wanashangaa: mafuta ya kukaangia maandazi usoni? Lakini ukisoma kidogo utaona alizeti ina heshima yake. Ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ndiyo ngozi huitumia kujengea ukuta wake wa nje, ule unaozuia maji kutoka na uchafu kuingia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wazima: mafuta ya zeituni yaliudhoofisha ukuta huo na kuleta wekundu kiasi, ya alizeti yaliuacha salama na kuupa unyevu. Na huko Dhaka, Bangladesh, mwaka 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi pungufu kwa 41% kuliko ambao hawakupakwa. Ngozi ya mtoto njiti ni nyepesi kuliko ya kwangu mara nyingi. Yakifaa pale, mimi ni nani niyakatae.

Shida ya mafuta ya zeituni inahusishwa na asidi nyingine ya mafuta, ya oleiki. Shea nayo inayo kwa wingi, hasa hii ya Uganda. Ndiyo maana sitaki shea itawale mchanganyiko. Nataka alizeti iikabili.

Sasa alizeti ipi? Ya Singida iliyokamuliwa kwa mashine ndogo ina rangi ya dhahabu iliyokolea na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Kwa wali naitaka hiyo hiyo. Kwa uso nimechukua iliyosafishwa, haina harufu wala rangi. Wapenzi wa asili watanisuta, na ninawaelewa, lakini mafuta yaliyosafishwa yamepunguziwa vitu vingi ambavyo ngozi yenye wasiwasi inaweza kugombana navyo. Ninapochagua kati ya "asili zaidi" na "kimya zaidi", nachagua kimya.

Mafuta ya ubuyu yametoka Dodoma. Haya hukamuliwa kwenye mbegu, siyo ule unga mchachu, na wala hayahusiani na ubuyu mwekundu wa kuchafua ulimi. Ni mazuri, yanaingia ngozini bila kuacha mng'ao mwingi, na bei yake ndiyo inayonifanya niyatumie kwa adabu.

Nta ni ya nyuki wa Tabora. Ilikuja ya kahawia, na vipande vya mbawa ndani. Nimeiyeyusha juu ya maji ya moto, nikaichuja kwa kitambaa cha kanga ya zamani, nikarudia mpaka ikawa ya njano safi. Sikufanya hivyo kwa urembo: nta mbichi hubeba gundi ya nyuki, propolisi, ambayo inajulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi.

Juni, katikati: jikoni

Nimepima kwa mizani ya jikoni, kwa gramu, siyo kwa vijiko. Kijiko cha shea iliyoganda na kijiko cha shea iliyoyeyuka ni vitu viwili. Kwa kila gramu 100: shea 45, alizeti 30, ubuyu 15, nta 10. Na matone machache ya vitamini E, ambayo huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui bakteria, ingawa wauzaji wengi wanaiita kihifadhi.

Bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji yanayotokota polepole. Nta inaingia kwanza na alizeti, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ndiyo mkaidi wa kundi. Ikishapotea ndani ya alizeti, shea inafuata, ikaachwa hapo na joto la wastani mpaka isibaki hata chembe. Ubuyu na vitamini E vinaingia mwishoni, bakuli limeshatolewa motoni.

Kisha kazi inayohitaji mkono: kupooza haraka. Shea ina mafuta ya aina kadhaa ndani yake, na kila aina huganda kwa joto lake. Ikipoa polepole, yale magumu yanatangulia kuganda na kujikusanya, na krimu inakuwa na chembe mithili ya sembe. Ikipoa haraka, yote yanashikana kwa pamoja na inatoka laini. Nimeweka bakuli ndani ya beseni la maji ya barafu na kukoroga bila kuacha. Mwanzo ni kimiminika cha rangi ya asali. Ghafla ukingoni kunatokea utando mweupe, unaukwangua na kuurudisha katikati, unatokea tena, na ndani ya dakika chache mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake. Hapo ndipo pa kumimina kwenye vikopo. Ukichelewa unajaza kwa kisu.

Vikopo ni vya kioo cheusi, vimechemshwa na kukaushwa mpaka hakuna hata tone. Tone la maji ndani ya mafuta ndiyo mlango wa ukungu.

Juni, mwishoni: mkononi kabla ya usoni

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri kupaka bidhaa mpya sehemu ndogo, ndani ya mkono au kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, kabla ya kuipeleka usoni. Watu wengi wanapaka usiku mmoja, wakiamka salama wanajipaka uso mzima. Mzio wa kugusa hauendi hivyo. Mwili unaweza kuchukua siku kadhaa kuamua kwamba haukipendi kitu.

Sisi tumekwenda hatua moja zaidi. Hatukupaka mchanganyiko tu. Tumepaka kila kiungo peke yake sehemu yake, tukaandika kwa kalamu: S, A, U, N. Mwasho ukitokea tujue nani wa kulaumiwa. Wanafunzi wa mdogo wangu wameziona herufi mkononi mwake wakamuuliza kama ni majina ya wachumba.

S safi. A safi. N safi. Ubuyu kwa mdogo wangu ulileta mwasho kidogo siku za mwanzo, ukatulia wenyewe bila joto wala kuparuza. Tumeuacha ubaki, kwa jicho kali.

Julai: usoni, Dar

Kipupwe kimefika na usiku una upepo mzuri. Ninavyotumia: nanawa, nagusisha taulo, na uso ukiwa bado na unyevunyevu nachukua krimu kiasi cha punje moja ya mahindi, nayeyusha kati ya vidole, nabandika mashavuni, kidevuni, halafu kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye paji. Unyevu ule ni wa lazima. Krimu hii haina maji ndani yake. Yenyewe haiongezi unyevu, inauzuia usitoroke. Ukiipaka kwenye ngozi kavu unafungia ukavu.

Usiku ndio wakati ngozi inapoteza maji zaidi kuliko mchana, na feni inayopuliza usoni inaongeza hasara. Tofauti nimeiona hapo hapo: asubuhi mashavu hayakazi, na yale maganda madogo pembeni ya pua hayapo. Hayo ndiyo mambo mawili ninayothubutu kuyaandika kwa sasa. Madoa yako pale pale, na sikutegemea yaondoke. Ngozi hujibadilisha kwa muda wa wiki nne hivi, na doa lililozama chini huchukua muda mrefu zaidi ya hapo.

Paji la uso ndilo lililolalamika. Usiku mmoja umeme ulikatika saa tano, feni ikafa, joto likajaa chumbani, na nikaamka na vipele vidogo kwenye mstari wa nywele. Kesho yake sikupaka paji kabisa, vikakauka. Tangu hapo paji halipati kitu. Ngozi ya paji ina mafuta yake ya kutosha kwa mji huu. Ndiyo maana pia mafuta ya nazi hayakuingia tangu mwanzo, ingawa shangazi yangu wa Tanga hajanisamehe. Yana sifa ya kuziba vinyweleo usoni, na Dar yanabaki maji muda mwingi kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi.

Nilijaribu pia kuongeza oti iliyosagwa. Unga laini wa oti unatambuliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, tangu 2003 kuwa kilinda ngozi, na kwenye maji ya kuogea ni mtulivu kweli. Ndani ya mafuta ulizama chini ya kikopo ukakaa. Nimeutoa kwenye mradi. Anayeutaka aufunge kwenye kitambaa aukamulie kwenye beseni la kunawia.

Julai: kifurushi cha Njombe

Vikopo vya mdogo wangu vilipanda basi. Asiyeijua njia hii namwelezea: unatoka Dar na joto lako, unapita Morogoro na Mikumi, unashuka bonde la Ruaha mchana jua limesimama, unapanda Kitonga, Iringa upepo umeshabadilika, Mafinga watu wanavaa makoti, na ukifika Njombe usiku unatafuta moto. Krimu ilifanya safari hiyo ndani ya buti. Bondeni iliyeyuka yote. Kuanzia Kitonga ikaanza kuganda polepole, saa baada ya saa, vile vile nilivyokuwa naikimbia kwenye beseni la barafu.

"Dada, umenitumia scrub?" Ndiyo salamu niliyopata.

Chembe hizo hazina madhara, zinayeyuka kwa joto la mkono. Ila kwa ngozi iliyokazwa na baridi, kusugua chochote chenye chembe ni uchokozi. Nikamwelekeza: weka kikopo wazi kwenye sufuria ya maji ya moto, kiyeyuke mpaka kiwe angavu, kiache hapo kidogo, kisha mimina kwenye bakuli ulitoe nje ukikoroga. Kwake barafu haihitajiki. Usiku wa Njombe mwezi wa Julai unashinda friji langu. Krimu imetoka laini kuliko niliyoitengeneza mimi, na amenitumia picha ili niumie.

Ila kwake imeibuka kero nyingine: ni ngumu. Nta 10 ambazo Dar zinaizuia isiwe mchuzi, Njombe zinaifanya ikwanguliwe kwa ukucha. Na ukucha ndani ya kikopo cha krimu sitaki kuusikia. Sasa anatumia kijiko kidogo kisafi, na nimeanza kuandika mapishi mawili badala ya moja.

Agosti, mwanzoni: maji, mshubiri na shangazi

Shangazi amekuja Dar kwa harusi. Shikamoo, marahaba, na kabla hajakaa ameshakishika kikopo. Amenusa. "Mwanangu, hii haina hata harufu ya kumfurahisha mtu. Sisi tumekuzwa na liwa." Nimemwambia liwa naipenda, nitapaka siku ya harusi na kuiosha, kitu cha kulala nacho kwa saa nane ni habari nyingine. Akataka niongeze mshubiri wa pale uani na matone ya mafuta ya karafuu kutoka kwa shemeji yake wa Pemba.

Karafuu nimekataa kwa heshima zote. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na yujenoli imo kwenye orodha ya vitu vya manukato ambavyo Umoja wa Ulaya unalazimisha vitajwe kwenye lebo kwa sababu vinaleta mzio. Wamo pia sitrali ya mchaichai na linalooli ya lavenda. Vyote vimetoka shambani, hakuna kiwanda hapo.

Mshubiri ni hoja nzito zaidi, maana ute wake unatuliza kweli. Lakini karibu wote ni maji. Ukichanganya maji na mafuta unahitaji kitu cha kuvishikanisha, na ukishakuwa na maji ndani ya kikopo kinachokaa bafuni Dar es Salaam unahitaji kihifadhi halisi, la sivyo unafuga bakteria na ukungu na kuwapaka usoni kila usiku. Mara nyingi hawaonekani kwa macho; krimu inaweza kubaki nyeupe na nzuri huku imeshaharibika. Wanaouza krimu laini nyeupe ya "mshubiri fresh, bila kihifadhi, inakaa mwaka" wanauza kitu ambacho mimi nisingemgusisha hata adui yangu mwenye ngozi ngumu. Fenoksiethanoli, kihifadhi cha kiwandani, inatisha kwa jina, lakini kwa kipimo chake kidogo kwenye krimu yenye maji naipendelea kuliko ukungu.

Tulipopatana: shangazi amekata jani, ameliegemeza lisimame mpaka ule utomvu wa njano ukatoka wote, kwa kuwa huo ndio unaowasha, akakwangua ute mweupe na kunipaka kwenye mkono wa jaribio. Ukiwa mwema, nitaupaka chini ya krimu siku ninapokata jani, kisha unaobaki unatupwa. Ndani ya kikopo hauingii.

Agosti, katikati: jirani

Jirani ameona uso wangu, anataka kikopo. Nimemuuliza anatumia nini kwa sasa. Akaleta kifuko: mchanganyiko wa kuchanganyiwa, hauna lebo, harufu kali, "unang'arisha". Mkorogo. Ameanza kuuacha na uso unamuwaka.

Sikumpa. Mkorogo wa namna hiyo unaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni ya kufifisha rangi ya ngozi, au steroidi kali ambazo zinatakiwa ziandikwe na daktari, na mtu aliyezoea steroidi usoni akiacha ghafla ngozi inaweza kulipuka kwa mwasho, uvimbe na maumivu. Hapo shea yangu haina cha kufanya, na nikimpa, siku uso ukizidi kuwaka, krimu itabeba lawama na yeye atarudi kwenye kifuko. Nimemsindikiza kliniki ya ngozi. Tanzania haina madaktari wa ngozi wengi, lakini wapo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Kwenye kliniki yetu tulikaa foleni ndefu, akapata daktari mtulivu aliyemwambia alete na kile kifuko.

Wengine wawili wameulizia bei. Siuzi. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, vilipohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na kikopo kilichotoka jikoni Tabata bila kusajiliwa hakina haki ya kuwekwa sokoni. Nimewapa mapishi na orodha ya visivyoingia. Mmoja ameshaniuliza kama anaweza kuweka limau kidogo.

Septemba: mapishi yalivyo sasa

Dar: shea 40, alizeti 35, ubuyu 15, nta 10. Nimepunguza shea ili ikae nyepesi joto likirudi, na nta nimeiacha ili isiyeyuke kabatini.

Njombe: shea 40, alizeti 40, ubuyu 15, nta 5. Inachukulika kwa kijiko bila vita, na mdogo wangu anasema mashavu yake yamepita baridi yote ya Julai na Agosti bila kupasuka. Mwasho wa ubuyu haukurudi. Mchana bado anapaka kinga ya jua, maana krimu hii haizuii jua kwa kiwango cha kutegemewa. Nimemwandikia hilo kwenye kifuniko kwa herufi kubwa baada ya kusikia anaipaka asubuhi "ili isipotee bure".

Mshubiri mkononi umepita salama. Nautumia siku mojamoja.

Kikopo kimoja cha Juni nimekiacha dirishani kwa makusudi, jua la asubuhi likikipiga. Kimeanza ile harufu ya rangi. Cha kabatini, cha siku ile ile, hakina harufu hiyo. Kwa hiyo kila kifuniko sasa kina mwezi wa kutengenezwa, na tunatengeneza kidogo kidogo, cha kutosha kuishia ndani ya miezi mitatu.

Kinachofuata ni Novemba, joto na unyevu vikianza kupanda. Nataka kuona kama hapa Dar krimu itahitajika kila usiku au nitaipaka tu pembeni ya pua na chini ya macho. Na mdogo wangu anakuja likizo ya Desemba na uso wake uliozoea Njombe. Atatumia kikopo changu, cha nta 10, kwa kuanzia na mkunjo wa kiwiko. Ameshalalamika.